"Kuaklimataizi" kwa Kiswahili tusemeje? Nimebuni neno, wagumu wangu hawalitumii

Dada_wa_Rau

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Moshi, huwa nafundisha huduma ya kwanza kwa wagumu wanaobeba mizigo mlimani. Sio chuo, ni kikundi chetu tu, tunakutana lo sizoni ile ya mwezi wa nne na wa tano mvua zikiwa nyingi na wageni wachache, watu ishirini mpaka thelathini hivi tunakaa kwenye ukumbi wa kanisa tunaelekezana.

Sasa kuna neno linaninyima usingizi. Aklimataizesheni. Waongozaji wanalitumia kila siku, "leo tunaaklimataizi", na wagumu wanalisikia miaka na miaka. Nikasema ngoja niwaulize mmoja mmoja maana yake nini. Mmoja akasema ni kupumzika. Mwingine akasema ni kunywa maji mengi. Kuna kijana amepanda mlima miaka minne akasema ni jina la sehemu, pale karibu na Lava Tower!! Aisee niliishiwa nguvu.

Kwa wasiojua, kilele chetu cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 na kule juu kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni kama nusu tu ya ile unayoipata ukiwa ufukweni Tanga, kwa hiyo mwili unahitaji siku kadhaa ujipange, upumue kwa kasi zaidi, uanze kutengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi, na ukiulazimisha kwenda mbio kichwa kinagonga, chakula hakipiti, unatapika, na ukizidi kulazimisha maji yanajaa kwenye mapafu au ubongo unavimba na mtu anakufa. Mgumu ana kilo 20 mgongoni, kichwa kinamuuma ananyamaza, anadhani ndio kazi ilivyo. Kama neno lenyewe halielewi atajuaje kwamba kuna kitu alitakiwa afanyiwe na hakufanyiwa?

Nikakaa nikabuni neno, UZOEMWINUKO, yaani kuzoea mwinuko. Nikaliandika ubaoni, nikalieleza, wakatikisa vichwa wote. Wiki mbili baadae hakuna hata mmoja aliyelitumia, wamerudi kwenye aklimataizi yao vilevile. Naomba kuuliza kwa wanaojua, neno jipya linaingiaje kwenye lugha? Kuna mtu wa kuliruhusu? Na mimi nilikosea wapi?

Chalii_wa_Sakina

Dada pole na kazi, ila kwa maoni yangu acha libaki hivohivo. Lugha inakopa, tumekopa kompyuta, tumekopa begi, tumekopa soksi, maisha yanaenda. Nani uliwahi kumsikia dukani anasema naomba kununua tarakilishi?

Maneno yanayoshika yanatoka mtaani, hayatoki ubaoni. Bodaboda imetoka kule mpakani Busia, watu walikuwa wanavushwa na baiskeli kutoka boda moja mpaka boda nyingine, hakuna profesa aliyekaa kikao. Daladala ni ile nauli ya shilingi tano, shilingi tano ilikuwa inaitwa dala, makonda wakawa wanaita "dala dala!" basi imekwisha. Na huku Chuga hizohizo hiace tuliziita vifodi, hatukuomba kibali Dar. Kwa hiyo wewe wafundishe tu maana ya aklimataizi vizuri, wataelewa.

Mwl_Mstaafu_Same

Mwanangu wa Rau, marahaba, na nakupongeza kwa kazi unayofanya. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka mingi na hili jambo liko moyoni mwangu, kwa hiyo nivumilie nikiandika marefu.

Kwanza huyo kijana wa Sakina yuko sahihi nusu. Mtaa unazaa maneno, kweli. Lakini sio kweli kwamba neno likitoka ubaoni linakufa. Sisi Wapare na jirani zetu Wasambaa tuna neno kitivo, ile ardhi nzuri yenye rutuba ambapo ukipanda kitu kinaota. Wataalamu walipotafuta jina la kile kitengo kikubwa cha chuo kikuu wakalichukua hilo, kitivo cha sheria, kitivo cha elimu, na leo mwanafunzi wa chuo analitamka bila kujua kwamba ametaja shamba la babu yangu. Ikulu ni neno la Wanyamwezi, mahali anapokaa mtemi. Kung'atuka tumelipata kwa Wazanaki, Mwalimu Nyerere alilileta alipokuwa anaacha urais 1985, na ndani ya muda mfupi nchi nzima ilikuwa inasema kung'atuka. Hayo yote kuna mtu aliyachagua, akakaa, akafikiri, akayapandikiza. Hayakuanzia kwa makonda.

Kuhusu kibali. Kazi ya kusanifisha istilahi ni ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Zanzibar wana BAKIZA, na pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili, ambayo zamani tuliijua kama TUKI. Miaka ya 70 BAKITA walikuwa wanatoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, tulivisubiri shuleni kama watu wanavyosubiri magazeti, unafungua unakuta istilahi za benki, za posta, za sayansi. Lakini elewa kwamba wao wanasanifisha, hawakuzuii kubuni. Fundi, mganga, mkulima, mtu yeyote mwenye kitu kisicho na jina anaweza kukipa jina, kisha jina likizoeleka ndipo linapokelewa kwenye kamusi. Hakuna askari wa maneno.

Sasa ulikosea wapi. Nitakwambia kwa upendo. Uzoemwinuko ni neno la kwenye karatasi. Litamke ukiwa umebeba kilo 20 unahema, mdomo unakataa. Halafu halina kitenzi. Utasema nini, "leo tunauzoemwinuka"? Neno la kazi lazima liweze kuwa kitendo, kwa sababu mgumu hazungumzi habari za dhana, anazungumza leo tunafanya nini.

Dada_wa_Rau

Mwalimu shikamoo tena na asante sana, hilo la kitenzi limenigusa kabisa, sikulifikiria. Ila kuna kitu bado sijaelewa. Kishikwambi (tablet) nalo ni neno la karatasi, mara ya kwanza nalisikia nilidhani ni mdudu, lakini sasaivi mama yangu kule Kibosho anasema kishikwambi kama kawaida. Na tarakilishi ambalo liko siku nyingi zaidi limeshindwa. Tofauti yao ni nini, mbona yote ni magumu?

Kemia_Ngaramtoni

Dada hilo swali lako ndilo lenyewe. Mimi nafundisha kemia huku Arusha, somo ambalo kila neno lake lilibuniwa na mtu fulani siku fulani, kwa hiyo huwa nafikiria sana haya mambo.

Tofauti ya kishikwambi na tarakilishi haiko kwenye ugumu wa neno, iko kwenye lini limefika. Kishikwambi kiliingia vijijini pamoja na sensa, Agosti 2022. Karani anabisha hodi ameshika kile kifaa, na redioni wanasema makarani watakuja na vishikwambi. Baada ya sensa wakapewa walimu, mimi mwenyewe nilisaini fomu imeandikwa kishikwambi. Yaani kwa watu wengi kitu na jina vilibisha hodi siku moja. Tarakilishi ilikuta watu wameshasema kompyuta, wameshaandika kompyuta kwenye mabango ya steshenari, na hapo unamwambia mtu aache neno linalofanya kazi achukue lingine kwa sababu ya heshima tu. Wachache sana wanakubali.

Sio kwetu tu. Ufaransa mwaka 1955 kampuni ya IBM ilikuwa inataka kuuza kompyuta zake, wakaona waulize neno zuri la Kifaransa, wakamwandikia profesa mmoja wa Kilatini anaitwa Jacques Perret, akawapa "ordinateur", mashine ikaingia sokoni ikiwa na jina hilo na mpaka leo Wafaransa wote wanasema hivyo, mtoto na mzee. Neno la profesa kabisa! Lakini lilikuja na mashine. Iceland nao, watu hata laki nne hawafiki, waliita kompyuta tölva, wameunga neno lao la namba na neno la zamani la mwanamke mwaguzi, mtabiri. Yaani mwaguzi wa namba. Ukiangalia ni wazo lilelile la tarakilishi, tarakimu na akili, kwao limekubalika kwetu limekwama.

Na hapo Iceland kuna kitu kilinifurahisha sana. Simu wao wanaita sími, ni neno la kale walilolifufua, maana yake uzi. Sasa simu yetu sisi imetoka Uajemi, kule sim ni waya. Watu wawili hawajawahi kuonana wameangalia kitu kimoja wakaona uzi. Leo waya hakuna tena, tunatembea nazo mfukoni, na hakuna aliyesema basi tubadilishe jina.

Kwa hiyo hata usiogope neno lako lisiwe sahihi asilimia mia kisayansi. Hii oksijeni ambayo wagumu wako wanaikosa kule juu, jina lake alilitunga Mfaransa Lavoisier karne ya 18 kutoka maneno ya Kigiriki, maana yake kizalisha asidi, kwa sababu aliamini kila asidi ina oksijeni ndani. Alikosea. Asidi ya hidrokloriki haina hata chembe ya oksijeni, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanalijua hilo. Jina limebaki.

Na kushindwa sio aibu pia. Eliezer Ben-Yehuda, yule aliyejitolea maisha yake kufufua Kiebrania kiwe lugha ya nyumbani, alitunga maneno mengi sana na mengi yanatumika mpaka leo, hata neno lao la kamusi ni lake. Lakini nyanya alitaka iitwe badura, watu sokoni wakasema agvaniya, ikawa agvaniya. Mtu aliyefufua lugha nzima alishindwa na nyanya.

Ushauri wangu, usiende kushindana na neno aklimataizi ubaoni. Tafuta neno linalokaa kwenye kile kitendo chenyewe, wakati kinafanyika.

Wagumu_Machame_Geti

Shimbonyi wote humu. Nimesoma kuanzia juu mpaka chini, mimi nilianza kubeba mizigo 2009 na sasaivi naongoza. Dada unachofundisha kinatuhusu moja kwa moja, nimeshuka na mtu machela usiku kwa sababu alificha kichwa kinamuuma, sitaki kuelezea sana.

Nikwambie mimi kwenye timu yangu nasemaje. Njia ya Machame siku ya tatu tunatoka Shira, tunapanda mpaka Lava Tower, mita kama 4,600, tunakula mchana pale, halafu tunashuka kulala Barranco ambayo ni 3,900 na kitu. Mgumu mgeni siku zote analalamika, mbona tunapanda halafu tunashuka, si tungepita chini? Mwanzo nilikuwa nawaambia ni aklimataizi wananyamaza tu. Siku moja nikamwambia kijana, mdogo wangu, leo tunauonja mlima. Ukiletewa mbege, pombe yetu ya ndizi, hubugii kata nzima kwa mkupuo, unaonja kwanza funda moja, tumbo linaijua, ndio unaendelea. Leo mwili wako unaonja Lava Tower halafu unarudi kulala chini, kesho kutwa ukifika kambi ya Barafu mwili unasema hiki nimeshakionja. Akacheka, ila alielewa palepale. Toka siku hiyo kwenye timu yangu tunasema hivyo, "leo tunaonja". Hata njia ya Marangu wale wanaolala Horombo siku mbili, wanatembea mpaka Zebra Rocks wanarudi, nasema wameenda kuonja.

Sijui kama BAKITA watalitaka lakini mimi linanisaidia.

Chalii_wa_Sakina

Mangi hilo ni kali, nakubali. Ila niulize kwa nia njema, kuonja si neno la chakula tayari? Mtu akisikia "wameenda kuonja" si atachanganya. Na aklimataizi sio kupanda na kushuka peke yake, ni mwili wote kubadilika, unaweza kukaa sehemu moja siku mbili na bado unaaklimataizi. Kuonja linachukua kipande tu.

Mwl_Mstaafu_Same

Kijana swali zuri, na sasa tunazungumza kama watu wa lugha.

La kwanza, neno la zamani kupewa kazi mpya ni njia ya siku zote. Barakoa ilikuwa ni kile kitambaa cha kufunika uso walichovaa wanawake wa Kiarabu Unguja, neno lilikuwa limelala kwenye kamusi, ulipoingia UVIKO-19 likaamshwa na kila mtu akalijua kwa siku chache. Limekuta tena hali ile aliyosema mwalimu wa kemia, kitu kiko usoni na jina liko redioni. Bepari kwa asili lilikuwa mfanyabiashara tu, limetoka Uhindini, siasa ikalibebesha mzigo mwingine kabisa. Kuchanganya hakutatokea kwa sababu ukiwa Shira na begi mgongoni hakuna anayefikiria mchuzi.

La pili ndilo limenifanya nisimame kwenye kiti. Angalieni kitenzi hiki kinavyonyambulika. Onja. Onjesha, mwongozaji anawaonjesha wagumu mlima. Onjeshwa, sisi hatukuonjeshwa, tulipelekwa moja kwa moja. Mnaona? Aklimataizi haliwezi hivyo, ukijaribu "kuaklimataizishwa" ulimi unajifunga. Neno linaloweza kuonyesha nani alipaswa kumfanyia nani nini, hilo ni neno la haki, na ndicho dada alichokuwa anakitafuta tangu ujumbe wa kwanza.

La tatu, kuhusu kipande. Ni kweli, kuonja ni kile kitendo, sio badiliko la mwili. Kwa badiliko la mwili tunalo kuzoea, limetosha, halihitaji kuunganishwa na chochote. Tunaonja ili mwili uzoee. Usilazimishe neno moja libebe vyote viwili kwa sababu tu Kiingereza kimefanya hivyo.

Dada_wa_Rau

Nimechelewa kurudi, samahanini, nilitaka nilijaribu kwanza ndio niandike.

Jumamosi nilifuta ubao. Sikuandika neno lolote. Nikachora mlima, nikachora Shira, Lava Tower na Barranco, nikawaambia maneno ya kaka wa Machame kama alivyoyasema, mbege na kata na funda moja, halafu nikauliza nani amewahi kuonja. Mikono ikaanza kunyooka. Mmoja akasema mimi kila safari tunaonja kumbe. Mwingine akauliza ukionja ukaumwa kichwa unafanyaje, tukaongea nusu saa nzima kuhusu hilo tu, kwamba ukiwa unaumwa hupandi zaidi, unasema, na ikizidi unashushwa, hata kama ni usiku.

Halafu kuna baba mmoja hapo nyuma, ni mtu mzima, huwa haongei darasani. Akasimama akasema, "Mwalimu, mwaka juzi mimi sikuonjeshwa." Akaeleza walivyopelekwa haraka kwa sababu wageni walikuwa na siku chache, alifika Barafu anatapika, akaulizwa una nini akasema nimechoka. Alisema nimechoka kwa sababu hakuwa na neno lingine. Ukumbi ulikuwa kimya.

Sijamwambia atumie onjeshwa. Mwalimu wa Same, nakuapia sikulitaja hata mara moja, alilinyambua mwenyewe.

Lile la uzoemwinuko nimeshaliacha, na sina kinyongo nalo. Mwezi wa sita vijana watatu wa darasani wanapanda kwa njia ya Machame, kila mmoja na kampuni yake. Nimewaomba wakirudi waniambie kama wenzao wa timu nyingine walilielewa walipolisikia, au ilibidi waelezwe. Kaka wa Machame, ukikutana nao pale Barranco wasalimie.